Mpangaji wa Bunkeya na mpangaji wa kwetu

Mwaka juzi nyumbani kwetu tulikuwa na mpangaji. Natumia neno hilo kwa sababu sina lingine. Hapa Nyarugusu hakuna anayetulipa kodi, na kiwanja chenyewe si chetu, tumepewa tu kukaa. Lakini chumba kilikuwepo. Yaya wangu alikijenga kwa matofali ya udongo kabla hajaitwa kwenda Marekani, akatuachia ufunguo na kitanda cha miti. Kijana mmoja wa kijiji cha pili nyumba yake ilianguka wakati wa masika. Akaja na godoro kichwani, akaomba kujihifadhi wiki mbili. Papa akamwambia, "Ingia, mwanangu. Sisi wote tulikuja hapa na godoro kichwani."

Wiki mbili zikawa mwaka mmoja na miezi minne.

Nitaeleza ilivyokuwa, lakini nitapitia mbali kidogo, mpaka Katanga ya karne ya 19, kwa sababu huko ndiko nilikoelewa kitu kilichokuwa kinatupata sisi. Mwenye haraka anivumilie.

Mwanzoni huyu kijana hakuwa na shida. Siku ya mgao alileta kopo la unga na maharage kidogo. Alichota maji bila kuambiwa, akamwita mama yangu "mama" kwa heshima. Kosa letu, naweza kusema sasa, lilianza na mchicha. Nyuma ya nyumba tuna bustani ndogo, na jirani yetu, mzee mmoja mkimya, alikuwa anasogeza mpaka wake kidogo kidogo, mstari mmoja kila msimu. Papa alikuwa na hasira naye miaka mingi lakini si mtu wa kelele. Siku moja akamtuma mpangaji aende kuongea. Mpangaji alikwenda na jembe mkononi, akapiga kelele mpaka kina mama waliokuwa bombani wakaacha ndoo zao kuja kutazama. Jirani akarudisha mpaka nyuma jioni ile ile.

Papa alifurahi sana. Tukiwa tunakula akasema, "Sasa nyumba hii ina mwanaume." Mimi na wadogo zangu tulitazamana tu.

Baada ya hapo mambo yakabadilika polepole. Alinunua sola ndogo akaanza kuchaji simu za watu. Uwanja wetu ukawa na foleni mpaka saa nne usiku. Nani angemkataza, mtu aliyetuokolea mchicha? Paa la chumba lilipovuja akatoa shitingi yake mwenyewe akaezeka upya, halafu akaanza kusema "paa langu". Kopo la unga likakoma. Akaleta binamu yake, naye akalala humo. Akafunga kufuli kwenye kistoo ambamo mama huweka kuni, eti betri zake zisiibiwe, na mama akawa anaomba ufunguo wa kuchukua kuni zake mwenyewe. Papa alipomuuliza lini atahama, akajibu: "Mzee, bila mimi huyu jirani angekuwa amelima mpaka mlangoni kwako."

Ndipo papa akapata wazo la pili, na ni hilo lililoniogopesha kuliko mpangaji mwenyewe. Kuna jamaa katika zoni nyingine, mbabe anayejulikana, ukimlipa anakutolea mtu ndani ya nyumba usiku mmoja. Papa alikuwa ameanza kutafuta pesa za kumpa.

Wiki hiyo nilikuwa naandaa mazungumzo ya Jumamosi na vijana wangu wa klabu, nikafungua daftari langu la historia la sekondari kutafuta habari ya kuwasimulia. Daftari lilifunguka penye Msiri. Nilisoma nusu ukurasa, nikakaa chini.

Katanga kabla ya wazungu ilikuwa nchi ya shaba. Watu waliichimba, wakaiyeyusha, wakaimwaga iwe na umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilisafiri mbali sana kama mali ya kubadilishana. Sifa ya shaba ilifika mpaka Unyamwezi, upande wa Tabora, ambako kwenda na msafara ilikuwa kazi ya wanaume wengi. Mfanyabiashara mmoja wa huko, Kalasa, alikuwa akienda Katanga kununua shaba, na alijuana na machifu. Katika miaka ya 1850 mwanawe, Ngelengwa, akashika njia ya baba yake pamoja na wenzake wachache. Tofauti ni kwamba yeye alibaki. Ndiye tunayemwita Msiri, na watu wake waliitwa Wayeke, jina linalotokana na uwindaji wa tembo.

Hapo niliwaambia vijana watazame ramani. Sisi wa Fizi na Uvira tulivuka ziwa kuja mashariki kuomba pa kukaa. Ngelengwa alitoka upande huu huu tuliopo sisi leo, akaenda magharibi kuomba pa kukaa. Treni ya kutoka Kigoma inapita Tabora. Kwa hiyo mgeni wa hadithi hii ni mtu wa kwa wenyeji wetu, na wenyeji wa hadithi hii ni watu wa nchi yetu. Vijana walicheka. Mmoja akasema, "Kumbe tunadaiana!"

Wenyeji aliowakuta, Wasanga, Walamba na wengine, hawakuwa na mfalme mmoja. Kila chifu alikuwa na vijiji vyake. Tena walikuwa wamebanwa na wakubwa wawili: kaskazini ufalme wa Waluba, mashariki Mwata Kazembe wa Walunda kule Luapula. Na wao kwa wao walikuwa na magomvi ya mipaka na ya urithi, kama watu wote. Wageni hawa kutoka Unyamwezi walikuwa wachache, lakini walikuwa na bunduki. Wasanga hawakuchelewa kuona faida yake. Walimwomba mgeni awasaidie kupigana na maadui zao.

Alisaidia, na alishinda. Sasa utamwambiaje mtu huyo kwamba wiki mbili zimekwisha?

Hapa ndipo sikubaliani na wanaosimulia habari za Msiri kana kwamba alivunja mlango usiku. Alipewa mlango. Kila kazi aliyowafanyia wenyeji ililipwa kwa kitu: kipande cha ardhi, mke wa ukoo wa chifu, haki ya kupokea pembe. Chifu alipokufa na warithi wakagombana, yeye mwenye bunduki ndiye aliyeulizwa nani akae kwenye kiti. Mara ya kwanza aliulizwa. Baadaye akawa anasema kabla ya kuulizwa. Baadaye tena, kiti kikawa chake. Hata Kazembe, aliyekuwa mkubwa wa nchi za karibu na Luapula, aliacha kupata ushuru kutoka huku.

Si kwamba hakuleta kitu. Wayeke walikuwa mafundi wa kuvuta shaba mpaka iwe waya mwembamba kwa bangili, na biashara yao ilifungua njia pande zote mbili: misafara ilikwenda mpaka Benguela kwenye bahari ya Atlantiki, na mingine ilikuja huku kuelekea pwani ya Unguja. Mji wake, Bunkeya, ulikuwa mkubwa na ulijaa watu wa kila kabila. Mmisionari Mskoti Frederick Arnot, aliyefika mwezi wa pili mwaka 1886, aliishi pale kwa ruhusa ya Msiri na aliandika mengi kuhusu mji huo. Lakini kilichokwenda Benguela hakikuwa shaba na pembe peke yake. Walikwenda watu pia, wamefungwa, na baruti ikarudi. Wageni waliofika Bunkeya walieleza kwamba waliona mafuvu ya watu kwenye miti ya boma. Wake zake walikuwa wengi kupita hesabu ya kawaida, wakitoka kila jimbo, na kupitia kwao alijua kinachosemwa kila mahali. Huyo ndiye mgeni aliyekuja kununua shaba.

Najua kuna watu wa Katanga ambao kwao Msiri ni shujaa, kwa sababu ya jinsi alivyokufa, na nitafika huko. Mimi naona ushujaa wa siku ya mwisho haufuti miaka 30 ya kufuli kwenye kistoo cha watu.

Kufikia mwaka 1891 Wasanga walichoka. Wakaasi. Walichoma vijiji, wakafunga njia, chakula kikawa haba Bunkeya. Na wakati huo huo wazungu walikuwa wanapiga hodi. Novemba 1890 alifika Mwingereza, Alfred Sharpe, kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes, na karatasi ya mkataba. Msiri akamkatalia. Mwaka uliofuata wakaja watu wa Leopold wa Ubelgiji, wakajenga kituo Lofoi. Halafu ukaja msafara wa Kapteni William Stairs, Mkanada aliyekuwa kazini kwa Leopold. Ulianzia pwani yetu, na mamia ya wapagazi na askari wake walichukuliwa Unguja na pwani, watu wanaosema Kiswahili hiki tunachosema. Walipita Tabora, wakavuka Tanganyika. Ile ile njia ya wafanyabiashara wa shaba, sasa inapitwa na watu wanaokwenda kumtoa mfanyabiashara.

Walifika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Tarehe 19 Stairs akapandisha bendera ya Leopold juu ya kilima bila ridhaa ya Msiri. Msiri akaondoka usiku kwenda kijiji cha karibu, Munema. Asubuhi ya tarehe 20 akatumwa Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, akamlete. Maneno yakawa makali, Bodson akampiga Msiri risasi, na yeye Bodson akapigwa risasi hapo hapo na mtu wa Msiri, akafa. Kichwa cha Msiri kilikatwa kikatundikwa kwenye mti, watu waone.

Kwa hiyo mpangaji alitoka. Wasanga waliokuwa wakimpiga vita wangeweza kupumua.

Nilipofika hapa kwenye daftari ndipo nilipomwona papa wangu na pesa zake za kumpa mbabe. Kwa sababu aliyemtoa Msiri hakurudi kwao. Alibaki ndani. Njaa ya mwanzo wa 1892 iliua watu wengi Bunkeya na hata watu wa msafara, lakini bendera haikushuka. Serikali ya Leopold ikamtambua mtoto wa Msiri, Mukanda-Bantu, awe chini yake, na Wayeke wakawa askari wa kusaidia serikali mpya. Wasaidie kumpiga nani? Wasanga. Vita hiyo iliendelea karibu mpaka mwisho wa karne, na chifu wa Wasanga, Mulowanyama, alikufa akiwa amezingirwa na watu wake ndani ya mapango. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni kubwa ya migodi, Union Minière. Mwaka 1910 ukaanzishwa mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Shaba ile ya misalaba ikapakiwa kwenye mabehewa. Ukimlinganisha Msiri na mpangaji huyu wa pili, Msiri alikuwa mtu wa kopo la unga.

Sisemi Wasanga walimwita Stairs. Hakuwaomba ruhusa wala hakuwajali. Ninachosema ni kwamba nyumba ilikuwa imegombana kwa muda mrefu, kila mmoja akitafuta mwenye nguvu wa kumsaidia dhidi ya mwenzake, mpaka mwenye nguvu zaidi alipofika hakukuta mtu wa kumzuia.

Kuna kipande kingine cha historia hii ambacho vijana wangu hawakukipenda, na mimi sikukipenda kukisimulia. Migodi ilihitaji wafanyakazi, na wengi waliletwa au walikuja wenyewe kutoka Kasai. Wakazaa huko, wakawa makarani, walimu, mafundi. Mwaka 1958 kikaanzishwa chama, CONAKAT, cha kutetea "wenyeji halisi" wa Katanga dhidi ya wageni hawa. Rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo. Na Godefroid Munongo ni nani? Mjukuu wa Msiri. Mjukuu wa mtu aliyetoka Unyamwezi na bunduki zake ndiye alikuwa akihesabu nani mwenyeji na nani mgeni. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, Munongo akiwa waziri wa mambo ya ndani. Kujitenga kulikwisha Januari 1963, lakini neno "mgeni" lilibaki mdomoni. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu kwa maelfu katika jimbo hilo, lililokuwa likiitwa Shaba. Wengi walilala wiki nyingi stesheni wakisubiri treni ya kwenda kwa mababu ambako hawajawahi kufika.

Kijana mmoja aliniuliza: "Sasa mgeni anaacha lini kuwa mgeni?" Nilikosa jibu. Nimezaliwa hapa kambini. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996, na kwenye karatasi zote mimi ni mgeni. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma ukurasa huu mnajua: fomu ina nafasi ya mkuu wa kaya, idadi ya watu, namba ya kadi. Mpangaji wetu hakuwa kwenye fomu yetu hata siku moja. Alikuwa kwenye kadi yake ya kijiji cha pili, anakula kwetu, analala kwetu, na kisheria hayupo. Mtu asiyekuwepo huwezi kumtoa. Labda ndiyo maana watu wanakwenda kwa mbabe.

Jumapili, baada ya ibada, nilimsimulia papa habari za Bunkeya. Sikumwambia kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Yule Stairs, alilipwa na nani?" Nikamwambia na Leopold. Akanyamaza. Mama, aliyekuwa anachambua maharage, akasema bila kuinua kichwa: "Na huyu wetu ukishamlipa, nani atamtoa yeye?"

Pesa ya mbabe ikabaki kwenye kopo. Mama ndiye aliyepanga mambo. Alimwendea mwenyekiti wa kijiji na wazee watatu, na ikaonekana kwamba mmoja wa hao wazee ni jirani yetu wa mchicha. Papa akasema haendi. Mama akamjibu, "Basi kaa na sola." Siku mbili hakuna aliyeongea ndani ya nyumba.

Siku ya tatu papa akaenda kwa jirani peke yake, saa za jioni. Alichomwambia sikijui chote. Najua walitoka na kamba, wakapima bustani upya, na mpaka haukukaa alipotaka papa wala pale jirani alipokuwa ameufikisha. Najua pia papa aliomba msamaha kwa zile kelele za jembe, kwa sababu jirani aliwaambia wazee wenzake, na wazee hawatunzi siri.

Kesi ilisikilizwa kwetu, chini ya mwembe. Mpangaji alikuja na maneno yake yale yale: bila mimi jirani angelima mpaka mlangoni. Jirani alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda, akasema taratibu, "Mwanangu, hilo tulimaliza Jumatano." Kijana akamtazama papa. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Tulimtuma apigane vita yetu, halafu tukaimaliza bila kumwambia.

Wazee walihesabu. Shitingi ya paa alinunua yeye: tukatakiwa kumlipa. Unga aliokula mwaka mzima: ukaondolewa kidogo kwenye hiyo pesa. Binamu atoke siku hiyo hiyo. Yeye apewe mpaka mwisho wa mwezi, na mwenyekiti aandike barua nyumba yake ya kijiji cha pili iingie kwenye orodha ya zinazotengenezwa. Sungusungu wawili walikuwepo lakini hawakusema neno. Ile pesa ya mbabe ndiyo iliyolipa shitingi, na ikabaki ya sabuni.

Alihama siku mbili kabla ya tarehe, sisi tukiwa kwenye mgao. Tuliporudi chumba kilikuwa kimefagiwa vizuri, kufuli la kistoo limeondolewa, na ufunguo upo juu ya kitanda. Mlango wa chumba alikuwa ameung'oa akaenda nao. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Papa alitaka kumfuata, mama akamzuia.

Wiki tatu tulitundika gunia. Halafu jirani akaleta mbao za kitanda chake cha zamani, akatengeneza mlango yeye na papa siku nzima, wakibishana kuhusu misumari. Ni mfupi kidogo. Kuku wa jirani wanapita chini yake kila asubuhi, na mimi, ambaye ndiye ninalala humo sasa, ndiye ninawafukuza.